Nakula mkate, nakunywa kikombe, mbona moyo uko baridi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mtumishi. Mimi ni mama wa kwaya, Mmoravian, niko Mbeya. Nashiriki Meza ya Bwana tangu nilipopata kipaimara ila siku hizi nakula, nakunywa, narudi kwenye benchi sisikii kitu, na wenzangu wengine wanarudi wanafuta machozi. Hivi inanisaidia au najidanganya tu? Au niache kwanza mpaka nijisikie vizuri? Halafu kuna dada mmoja wa kwaya tuligombana kwa hela za vitenge vya sare, tukifika kwenye mkono wa ushirika nampa vidole huku naangalia dirishani.

JIBU: Asifiwe sana mama. Umeuliza maswali mawili, na nadhani linalokuuma kweli ni hilo ulilolichomeka mwishoni haraka haraka, lakini tuanze na la kwanza.

Yesu alisema, "Aulaye mwili wangu na kuinywa damu yangu hukaa ndani yangu, nami hukaa ndani yake" (Yohana 6:56), sharti la machozi hapo silioni. Siku hizi tumezoea Roho akishuka spika zingurume na mtu aanguke, sasa ikija ibada ya kimya yenye kipande cha mkate na kikombe kidogo cha plastiki tunaona kama Mungu hajafika. Kristo yupo pale kwa sababu aliahidi. Luther kwenye Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 aliuliza nani anastahili meza hii, akasema kufunga na kujiandaa kimwili ni vizuri, lakini anayestahili hasa ni yule anayeamini yale maneno "kwa ajili yenu". Kwa ajili yako wewe mama, hata Jumapili ambayo kichwa kiko kwenye ada za watoto.

Kwa hiyo kuacha mpaka ujisikie vizuri ni kama kususa chakula mpaka njaa iishe. Imani inakwenda mezani ikiwa dhaifu ndo inalishwa palepale. Na watu wanaponukuu Paulo (1 Wakorintho 11:28) wanaishia "mtu ajihoji mwenyewe", wakati mstari unaendelea "na hivyo aule mkate, na kukinywea kikombe". Ajihoji, halafu ale!

Sasa twende kwa dada wa vitenge. Unajua nini kilimfanya Paulo awe mkali vile kwa Wakorintho? Sio ubaridi wa moyo. Wenye nacho walikuwa wanatangulia kula, huyu ana njaa huyu amelewa, maskini wanaaibishwa, na bado wanakiita chakula cha Bwana. Sura moja nyuma alishawaambia, "Kwa kuwa mkate ni mmoja, sisi tulio wengi tu mwili mmoja." Huwezi kuungana na Kristo ukamwacha nje mtu ambaye Kristo ameshamwingiza, maana ukimpokea yeye anakuja na watu wake wote, hata wale wanaotuudhi.

Na wewe Mmoravian hili ungetakiwa unifundishe mimi. Pale Herrnhut, Ujerumani, kwenye ardhi ya Zinzendorf, Mkristo wa ukoo wa kitajiri aliyewapokea, walikusanyika wakimbizi wa imani kutoka Moravia na wengine wa makanisa tofauti, wakagombana mpaka basi, hawa wanaona wale sio Wakristo safi. Mwezi Mei 1727 wakakubaliana taratibu za kuishi pamoja, wakaanza kutembeleana na kuombana msamaha, halafu tarehe 13 Agosti wakaenda kanisa la Berthelsdorf kushiriki Meza ya Bwana pamoja, na hapo ndo walipoguswa wakatoka wakiwa watu wengine. Miaka mitano tu baadaye, 1732, wamisionari wao wakaenda St. Thomas kule Karibi kwa watumwa, na mwaka 1891 wakafika Rungwe, yaani hapo jirani kwako. Angalia mpangilio lakini: upatanisho ulianza majumbani kabla ya kanisani, meza ikaja kuukamilisha.

Basi mpigie huyo dada kabla ya ibada ijayo ya Meza, nenda na daftari la michango mpige hesabu kwa utulivu, hela zikiwa nyingi mwombe mzee wa kanisa akae katikati. Asipopokea simu wewe shiriki tu, Warumi 12:18 inasema "kama yamkini, kwa upande wenu". Ila mkono mpe wote, sio vidole.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni Mkatoliki wa Tanzania, nafanya kazi za ndani Muscat. Bosi hanipi off ya kwenda kanisani na sijakomunika muda mrefu. Nimeshatengana na Kristo?

JIBU: Marahaba binti yangu, hapana kabisa. Mimi sio Mkatoliki lakini hili kanisa lenu limelisema wazi tangu Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551, kwamba yupo anayempokea Kristo kiroho kwa kumtamani kwa imani iliyo hai. Asubuhi kabla ya kazi soma Injili ya siku hata kwenye simu, mwambie Yesu kwa maneno yako kwamba unamtaka na kwa sasa huwezi kumpokea kwenye Ekaristi, aje moyoni mwako. Na usijione wa kwanza, maana karne ya pili mwandishi Mkristo Yustino Shahidi aliandika kwamba mashemasi walikuwa wakiwapelekea mkate na divai ya meza wale ambao hawakuwepo ibadani, ina maana wasioweza kufika walihesabiwa kuwa wa meza hiyohiyo.

Lakini usiridhike na hapo. Muscat kuna parokia ya Watakatifu Petro na Paulo eneo la Ruwi, na kwa kuwa Ijumaa ndo siku ya mapumziko huko, Misa zinakuwepo Ijumaa pia. Usimwombe bosi off ya kila wiki, mwombe saa chache za Ijumaa moja kwa mwezi, kwa heshima, siku ambayo hana wageni. Ukipata, wahi mapema umwone padri kwa kitubio kwanza kama kuna kitu kizito, afu ukomunike.