Ukipanda Usambara, usiishie Irente

Sisi watu wa Tanga mjini, mgeni akija tunampeleka Mapango ya Amboni, tunamtembeza Raskazone, tukijitahidi sana tunamfikisha Pangani. Milima tunawaachia Wazungu wenye mabegi mgongoni. Ndiyo maana nikiulizwa mtu aende wapi akiwa na siku chache za likizo, jibu langu ni Lushoto, mji wa milima ya Usambara, ila kwa sharti moja: asigeuzie Irente, genge la kutazamia mandhari lililo karibu na mji huo.

Safari yenyewe ni rahisi. Basi la Arusha litakushusha Mombo, hapo unachukua gari dogo la kupanda mlima. Kona ni nyingi, hivyo kama tumbo lako ni jepesi, wahi kiti cha mbele na uwe na kipande cha tangawizi mdomoni. Maporomoko ya Soni utayaona ukiwa njiani. Beba sweta zito. Baridi ya Juni na Julai huko haina mzaha, hasa kwa sisi tuliokulia kwenye joto la pwani.

Irente wengi hufika, hupiga picha, hurudi hotelini kula. Mandhari yanasema mengi zaidi ya picha. Kule chini bondeni ni Mazinde. Kimweri ye Nyumbai alilitawala taifa la Washambaa akiwa Vuga, juu milimani, na amri yake ilifika mpaka pwani kwetu. Alipofariki mwaka 1862, mwanawe Semboja alikuwa amekaa huko Mazinde, kwenye njia ya misafara ya bonde la Pangani. Misafara ikamletea biashara, biashara ikamletea bunduki, naye akaivamia Vuga na kumtimua Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri aliyerithi kiti. Mwenye mlima akashindwa na mwenye barabara. Ukisimama pale juu ya genge huhitaji kuchorewa ramani ili uelewe ilivyokuwa.

Habari za Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu na kuanzisha ukoo wa Wakilindi, ukoo wa kina Kimweri, usizisome tu. Kodi kijana wa kukuongoza kutoka Lushoto, mwombe akupeleke kwa mzee anayejua kusimulia. Salimia kwanza, kaa, subiri. Ukianza kwa kutoa simu na kurekodi, utapewa hadithi fupi ya wageni na kuagwa. Na ukiwasikiliza wazee wawili, usishangae wakipishana.

Kisha nenda Mtae. Njiani unaweza kuchepuka hadi Mlalo, uone nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao, na misheni ya Wajerumani iliyoanza mwaka 1891. Lakini usilale huko, lala Mtae. Kijiji kimekaa ukingoni kabisa mwa mlima, pande mbili ni shimo. Chini kumetandaa Mkomazi, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008, na mbele yake ni Tsavo, nchini Kenya. Tafuta mpaka wa nchi hizi mbili kwa macho, hutauona. Wajerumani na Waingereza waliukubali mwaka 1886, mstari kutoka mlango wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, na mto wenyewe unaanzia msitu wa Shagayu, huko huko Usambara. Asubuhi ikiwa safi, Kilimanjaro nao huonekana. Ukungu ukishuka huoni hata jirani, kwa hiyo usipange kulala usiku mmoja tu.

Mabasi ya huko mara nyingi hupanda mchana na kushuka alfajiri mno, basi ulizia saa jioni ile ile unayofika, tena muulize mwenye nyumba unakolala, si mpiga debe. Vaa kwa heshima, omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na ununue plamsi na peasi za akina mama wa barabarani bila kuvutana bei kwa mia mbili. Kuanzia Machi hadi Mei mimi siendi kabisa: matope ya barabara ya Mtae yatakula likizo yako yote.