Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

SWALI: Nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote 25 zilizo chini ya 100, na kila mara kuna baki. Naweza kusema ni tasa? Kama bado, niendelee hadi wapi?

JIBU: Bado, ndugu yangu. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kipeuo cha namba yako kinapita 65,536 kwa chembe tu. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Usizifuate zote na kikokotoo.

Itazame kwanza namba yenyewe: ni 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliona kwamba 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, ukiongeza 1, inatoa 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Akaamini na hii ya 32 ni tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641.

Njia aliyoieleza baadaye ndiyo ninayotaka uishike. Tuseme p ni kigawo tasa cha namba yako. Basi 2³² ikigawanywa kwa p inabaki p − 1, yaani imepungukiwa 1 kufikia kigawe cha p. Izidishe kwa yenyewe: hasi 1 mara hasi 1 ni 1, hivyo 2⁶⁴ inabaki 1. Mabaki ya vipeo vya 2 yanajirudia kila hatua 64. Mzunguko mfupi zaidi hauwezekani, kwani ungeleta baki 1 kwenye 2³², nasi tumeona pale ni p − 1. Na Fermat huyohuyo alituachia kanuni kwamba urefu wa mzunguko huo huigawa p − 1 bila baki. Kwa hiyo p ni kigawe cha 64 ukiongeza 1, basi!

Ziandike: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ukifuta zisizo tasa unabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano tu, na namba inafunguka. Hakikisha kwa mkono:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417

Jumlisha, utapata 4,294,967,297 kamili.

Bila shaka utauliza kama 6,700,417 nayo inavunjika. Kigawo chake chochote ni kigawo cha namba ya mwanzo pia, kwa hiyo sharti la 64 linakibana vilevile, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589. Nne za mwanzo umeshaziondoa. Zimesalia saba: 641 kwa mara nyingine, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Zigawe, zote zitaacha baki. 6,700,417 ni tasa.