Weusi wa bahari kwenye picha ya meli iliyopata ajali

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nachora kwa rangi za mafuta ajali ya ile meli ya Kifaransa, Méduse, angani nimeweka kichwa cha Medusa wa Wagiriki na nyoka zake, kwenye maji nimeweka mayungiyungi ya Kibudha. Weusi wa bahari nataka kutumia bitumeni kama Géricault, yule Mfaransa aliyechora ajali hiyohiyo, kona moja nishapaka. Ni sawa? Na mbona picha inaonekana kama vitu vitatu vimebandikwa?

JIBU: Marahaba. Bitumeni achana nayo kabisa. Ile ni lami na lami haikauki vizuri, juu utaona pamekauka ukapaka rangi nyingine, hiyo ya juu ikikauka inajivuta wakati chini bado laini, basi unapata nyufa na mikunjo kama utando wa maziwa yaliyochemka, na weusi unazidi kila mwaka. Picha ya Géricault ya 1819 pale makumbusho ya Louvre, Paris, mita karibu 5 kwa 7, iliharibika hivyo mpaka 1859 hadi 1860 ikachorwa nakala ya saizi ileile, ipo Amiens, Ufaransa. Inaniuma kila nikiiangalia. Wewe changanya amba iliyochomwa (rangi ya kahawia ya udongo) na bluu ya altramarini, unapata weusi mzito wenye uhai, tabaka za chini weka mafuta kidogo, za juu ndo uongeze.

Sasa hivyo vitu vitatu. Medusa mtoe angani, meli yenyewe ishabeba jina lake, Méduse ni Medusa kwa Kifaransa! Ila angalia, wale watu karibu 150 wa Méduse waliotupwa kwenye chelezo Julai 1816 nje ya Mauritania, wakabaki 15, waliokolewa na meli inaitwa Argus, na Argus kwa Wagiriki ni yule jitu la macho mia. Upande wa Ubudha kuna Avalokiteshvara, mtakatifu wao wa huruma, huyo ndo wanamwitaga waliokwama baharini, anachorwa na mikono elfu na kila kiganja kina jicho. Umeona? Macho ndo uzi wako. Ile mikono inayopunga vitambaa kuelekea Argus, ichoree jicho kwenye kiganja, madogo tu, mtu ayakute akisogea karibu.

Yungiyungi linaota kwenye tope la maji yasiyo na chumvi, juu ya bahari linabaki pambo tu. Kwa Wabudha ni kiti cha kukalia Buddha na watakatifu, kwahiyo liweke chini ya yule wa juu kabisa anayepunga.

Hiyo kona uliyopaka usifunike na rangi, ikwangue na tapentaini mpaka uone kanvasi.