Tiger chache au Sherman nyingi?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo Ujerumani ingeshinda Vita vya Pili vya Dunia kama ingeunda vifaru vingi zaidi vya aina ya Tiger, nami nakushauri uanzie karakana kabla ya kulinganisha unene wa chuma na ukubwa wa mizinga. Magurudumu ya Tiger yalikuwa yamepandana, hata fundi aliyetaka kubadilisha moja la ndani alilazimika kwanza kufungua kadhaa ya nje, na katika baridi ya Urusi tope liliweza kuganda kati yake usiku, asubuhi kifaru kikagoma kuondoka. Tiger za toleo la kwanza (Tiger I) zilitengenezwa takriban 1,350 tu, ilhali Marekani ilitoa vifaru vyake vya Sherman zaidi ya 49,000. Sisemi ubora ni upuuzi. Askari wa Sherman aliyekutana na Tiger ana kwa ana hakufarijiwa na takwimu hizo. Lakini usidhani kuongeza idadi kulihitaji amri tu, kwani kifaru cha tani 57 kilikula chuma, saa za kazi na mafuta, na mafuta hasa yalikuwa yakiiishia Ujerumani.