Barazani kwa Mwalimu: Mkeka, Sifuri na Wavu wa Kuku

Barua za mwezi huu nimezisomea barazani Kibokoni, baada ya alasiri, hewa ya bahari ikizipeperusha karatasi. Karibu zote zinauliza milinganyo yenye x². Nimechagua nne.

*Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha pili. Nimeandika (x + 5)² = x² + 25 nikanyimwa maksi zote. Daftari limerudi na mkwaju mwekundu tu, bila maelezo. Kosa liko wapi?*
*Mwanafunzi, Likoni*

Marahaba mwanangu. Mkwaju mwekundu bila maelezo haumfundishi mtu, na wewe umefanya vyema kuuliza.

Hebu tutandike mkeka. Ninao mmoja alioushona bibi yangu, na nilipokuwa mdogo nilikuwa nikikaa kando yake nikimtazama akiunganisha ukili kwa ukili. Chukulia mkeka wako ni wa mraba, kila upande shubiri x. Eneo lake ni x². Wageni wamezidi, unataka kuukuza kwa shubiri 5 upande wa kulia na shubiri 5 upande wa chini. Unashona kipande cha kulia, urefu wake x na upana 5. Unashona cha chini, vivyo hivyo. Sasa inama uangalie kwenye pembe, pale vipande viwili vinapokaribiana: sakafu bado inaonekana. Pamebaki tundu la 5 kwa 5. Ukiliziba ndipo mkeka unakuwa mraba tena.

Hesabu ulivyotandika: mkeka wa kwanza x², vipande viwili vya 5x, na kile cha pembeni 25. Jumla ni x² + 10x + 25. Wewe umechukua mkeka wa kwanza na kipande cha pembeni, vile virefu viwili umevisahau. Weka x = 3 ujionee: 8 kwa 8 ni 64, lakini njia yako inatoa 9 + 25, yaani 34. Zile 30 zilizopotea ndizo 10x.

Mchoro huu una umri mkubwa. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliutumia kutatua x² + 10x = 39. Alisema kwa maneno, maana hakuwa na alama tunazotumia leo: mkeka pamoja na vipande vyake viwili ni 39, pembe imekosa 25. Ongeza 25 kila upande, upate 64. Mraba wenye eneo la 64 una upande wa 8. Toa 5, upande wa mkeka wa kwanza ulikuwa 3. Hiyo ndiyo kukamilisha mraba ambayo wanafunzi wengi huikariri bila kuiona. Yeye aliishia kwenye 3, kwa kuwa alihesabu urefu wa kitu. Sisi tunaongeza jibu la pili, −13, kwa sababu 169 toa 130 ni 39 pia. Neno aljebra limetokana na *al-jabr* alilolitumia yeye, kurudisha kitu mahali pake. Waarabu hulitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika.

*Mwalimu, mimi ni baba, humsaidia binti yangu kazi za shule nikitoka kazini. Kwenye x² = 5x niligawanya pande zote kwa x tukapata 5. Kitabu kinasema 0 na 5. Sifuri imetoka wapi?*
*Mzazi, Kisauni*

Ndugu yangu, sifuri ilikuwamo tangu mwanzo. Ulipogawanya kwa x ndipo ulipoitoa nje. Hakuna kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo ukigawanya kwa x umeshaapa kwamba x si sifuri, na swali halikukuambia hivyo. Jaribu: 0 mara 0 ni 0, na 5 mara 0 ni 0. Inakubali kabisa.

Vuta kila kitu upande mmoja: x² − 5x = 0. Toa x nje ya mabano: x(x − 5) = 0. Majibu yote mawili yanajitokeza yenyewe: ama x ni 0, ama x − 5 ni 0. Na nikupe pongezi kwa kukaa na binti usiku huku umechoka. Mwambie wazi kwamba nawe ulikosea, kisha mlitafute jibu pamoja. Atalikumbuka zaidi kuliko lile la kitabu.

*Mwalimu, (x − 2)(x − 3) = 2. Nimesema x − 2 = 2, au x − 3 = 2, basi 4 na 5. Moja limepata tiki, jingine mkwaju. Sielewi.*
*Kidato cha tatu, Majengo*

Hata lile la tiki hukustahili, mwanangu, na nakwambia kwa kukupenda. Namba mbili zikizidishana zikatoa sifuri, lazima mojawapo ni sifuri. Zikitoa 2, je? Zaweza kuwa 2 na 1, au 4 na nusu, au namba mbili zilizo hasi, na nyingine zisizo na hesabu. Kanuni ile ni ya sifuri peke yake. Wewe ulibahatika na 4, na nimesahihisha madaftari miaka mingi kiasi cha kujua kwamba bahati ya namna hii humchelewesha mtoto hadi mtihani wa mwisho.

Fungua mabano kwanza: x² − 5x + 6 = 2. Toa 2 pande zote: x² − 5x + 4 = 0, ambayo ni (x − 1)(x − 4) = 0. Majibu ni 1 na 4. Rudisha 1 kwenye swali: hasi 1 mara hasi 2 ni 2. Rudisha ile 5 yako: 3 mara 2 ni 6.

*Assalaam alaykum Bi Mwalimu. Nina miaka 34, najiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa binafsi. Swali: wavu wa mita 40 unazungushia banda la kuku la mstatili, eneo lizidi mita za mraba 96. Upande mmoja uwe na urefu gani? Nilifika −x² + 20x − 96 > 0, nikabadilisha alama ikawa x² − 20x + 96 > 0, nikaandika x > 8 na x > 12. Kitabu kinakataa.*
*Mama wa watoto watatu, Changamwe*

Waalaykum salaam dada yangu. Sehemu ngumu umeiweza: umeona kwamba pande mbili zinazokutana zina jumla ya 20, basi upande wa pili ni 20 − x. Yamebaki mawili.

La kwanza, ukizidisha kwa hasi, mdomo wa alama hugeuka. Chukua deni la dukani. Mia tano ni nyingi kuliko mia mbili, lakini anayedaiwa mia tano yuko chini kuliko anayedaiwa mia mbili. Kwa hiyo ni x² − 20x + 96 < 0.

La pili, ukifika (x − 8)(x − 12) < 0 usiyatenganishe mabano kama ungefanya kwenye mlinganyo. Zao likiwa hasi, bano moja ni chanya na jingine hasi. Chora mstari wa namba, tia 8 na 12, upate sehemu tatu, kisha ujaribu namba moja katika kila sehemu kwa banda lenyewe. Upande wa 7: 7 mara 13 ni 91, haitoshi. Upande wa 10: 10 mara 10 ni 100, imepita. Upande wa 13: 13 mara 7 ni 91 tena. Jibu ni sehemu ya katikati, 8 < x < 12.

Kwenye 8 na 12 zenyewe eneo ni 96 kamili, halijazidi, kwa hiyo weka maduara matupu. Swali lingesema eneo lisipungue 96, ungeyajaza wino.