Ukumbi wa Sheria: Malori, ghala na nyumba ya kuishi chini ya kampuni moja

Swali la kwanza, kutoka Changamwe, Mombasa

Mheshimiwa Wakili, mimi na mke wangu tulianza na lori moja, na leo tuna malori saba yanayobeba makontena kutoka bandarini hadi Malaba na Busia. Tuna pia ghala Miritini ambalo nusu yake tunaitumia wenyewe na nusu tumeipangisha, na nyumba tunayoishi na watoto. Vyote hivi vimeandikishwa kwa jina la kampuni yetu moja. Mshauri wa biashara ametuambia tufungue kampuni nyingine mbili, juu yake tuweke kampuni mama, na juu ya kampuni mama tuweke amana ya familia. Tukimaliza, anasema, hakuna mdai atakayeweza kutugusa. Je, ni kweli, na gharama yake inastahili?

Jibu

Ndugu msomaji, mpango aliokueleza mshauri wako ni halali na una faida, lakini ahadi aliyouambatanisha nao si ya kweli, na naomba uitenganishe na mpango wenyewe kabla hujalipa senti.

Msingi wa jambo hili ni hukumu iliyotolewa Uingereza mwaka 1897 katika kesi ya Aron Salomon, fundi na mfanyabiashara wa viatu aliyeigeuza biashara yake kuwa kampuni. Kampuni ilipofilisika, wadai walitaka Salomon alipe madeni kutoka mfukoni mwake kwa kuwa kampuni ilikuwa yeye tu na jamaa zake. Mahakama ya juu ilikataa na kusema kwamba kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu mwingine mbele ya sheria, yenye mali yake na madeni yake. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika Kenya hadi leo. Watu wengi huisoma kwa upande mmoja, kwamba deni la kampuni si deni la mwenye hisa, wakasahau kwamba kila kilicho ndani ya kampuni hiyo moja kinajibu madeni yote ya kampuni hiyo. Hapo ndipo mlipo ninyi. Lori likipoteza breki karibu na Voi na kuigonga matatu iliyojaa abiria, anayedaiwa ni kampuni, na mali ya kampuni ni pamoja na ghala na kitanda cha watoto wenu.

Msijifariji kwa bima peke yake. Bima ya lazima ya gari kwa ajili ya watu wengine, chini ya Sura ya 405 ya sheria za Kenya, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Mahakama ikimpa majeruhi aliyevunjika uti wa mgongo fidia inayozidi hapo, ziada huifuata kampuni isipokuwa mmenunua kinga kubwa zaidi. Kwa hiyo hatua ya kwanza, na iliyo rahisi kuliko kampuni zote tatu, ni kumwuliza wakala wenu wa bima kinga yenu inaishia wapi.

Sasa tuje kwenye kampuni zenyewe. Mchoro unaouzwa sana ni huu: kampuni moja inamiliki mali yote, nyingine inaendesha biashara na kukodi mali hiyo, ili inayofanya kazi iwe haina kitu cha kuchukuliwa. Mchoro huo unaweza kumfaa mwenye mashine za kusaga au samani za hoteli. Kwa mwenye malori una kasoro kubwa, kwa sababu majeruhi wa barabarani humshtaki dereva pamoja na mwenye gari, na aliyeandikishwa kuwa mwenye gari huchukuliwa kuwa ndiye mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Mkiyaweka malori na ghala katika kampuni moja ya kumiliki mali, mtakuwa mmemfungia chui na mbuzi zizi moja halafu mkaweka kufuli imara mlangoni. Kinachotakiwa kutenganishwa ni mali inayoleta hatari na mali isiyoileta. Malori, madereva na mikataba ya usafirishaji vikae katika kampuni yao. Ghala likae katika kampuni nyingine isiyoajiri dereva wala kumiliki gurudumu. Hisa za kampuni hizo mbili zinaweza kushikwa na kampuni mama, ambayo nayo isifanye biashara yoyote na mtu wa nje, na faida ya kampuni ya malori ipandishwe huko kwa gawio, yaani faida inayogawiwa wenye hisa, mara kwa mara badala ya kurundikwa mahali pa hatari.

Nyumba ya kuishi ningeitoa kabisa katika mpango wa kampuni. Lakini kampuni haigawi nyumba kama zawadi ya Idi: itauzwa kwenu kwa thamani yake au itagawiwa kama gawio halali, na kila njia ina kodi yake. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 ya thamani kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani, na kodi ya faida ya mtaji, yaani ile inayotozwa faida ya kuuza au kuhamisha mali, imekuwa asilimia 15 tangu Januari 2023. Sheria ya kodi ya mapato inasamehe baadhi ya uhamisho wa ndani ya familia, ukiwemo ule wa kupeleka mali katika kampuni ambayo hisa zake zote ni za wanandoa na jamaa wao wa karibu. Hata hivyo msamaha huo hausomwi kinyumenyume, na kuitoa mali ndani ya kampuni ni jambo jingine. Mpate maoni ya mtaalamu wa kodi kwa maandishi kabla hati haijasainiwa. Na nyumba ikishakuwa kwa majina yenu, Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 itamtaka kila mmoja wenu atoe ridhaa kabla mwenziwe hajaiuza wala kuiweka rehani, kinga ambayo leo mke wako hana kwa sababu nyumba ni ya kampuni.

Kuhusu amana ya familia, yaani mali inayoshikwa na watunzaji kwa niaba ya wanufaika, marekebisho ya mwaka 2021 ya sheria ya wadhamini wa kudumu, Sura ya 164, yameitambua waziwazi: inaweza kuundwa na mtu akiwa hai au kwa wasia, na wanufaika wanaweza kuwa watu waliopo au ambao bado hawajazaliwa. Sheria hiyo inataka amana ya familia isiwe chombo cha kufanya biashara. Mshauri wenu yuko sahihi, basi, kuiweka juu kabisa: amana ishike hisa za kampuni mama na isiguse lori. Jambo ambalo huenda hakuwaeleza ni kwamba hisa zikishaingia katika amana si zenu tena. Nimeketi na wazee wengi waliotaka kusaini hati ya amana asubuhi na jioni waendelee kuamrisha kila kitu kama jana. Amana ya namna hiyo, ambayo mwenye kuiunda ndiye mtunzaji pekee, ndiye mnufaika mkuu na ndiye anayechota fedha bila kumwuliza mtu, mahakama inaweza kuiona kuwa ni jina tu lililobandikwa juu ya mali yake mwenyewe. Wekeni angalau mtunza amana mmoja asiye wa nyumbani, mwenye uwezo wa kusema hapana, na muwe tayari kuisikia.

(Nasema mtunza amana kwa makusudi. Kiswahili chetu kimelibebesha neno mdhamini watu wawili: anayetunza mali kwa niaba ya wengine, na anayeahidi kulipa deni la mkopaji akishindwa. Huyu wa pili ndiye ninayemfikia sasa.)

Karatasi inayobomoa mipango hii kuliko hukumu yoyote ni dhamana binafsi. Mkienda benki kukopa kwa ajili ya lori la nane, afisa wa mikopo atawapa fomu ya kurasa chache inayosema kwamba ninyi wawili mtalipa deni la kampuni iwapo kampuni itashindwa. Pengine ataongeza ya pili, ambamo kampuni ya ghala inaidhamini kampuni ya malori. Mkisaini zote mbili, mdai huyo hahitaji kumwomba jaji avunje ukuta wowote kati ya kampuni hizo na ninyi. Mmeshamfungulia mlango wenyewe. Sisemi msikope. Mwombe lori lenyewe liwe rehani ya kwanza, dhamana yenu iwe na kiasi maalumu na tarehe ya kuisha, na kampuni ya ghala ibaki nje. Benki hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana wengi hawaombi.

Bima nayo ina mtego wake. Bwana mmoja wa Ireland, Macaura, aliiuzia kampuni aliyoimiliki mwenyewe magogo ya shamba lake, lakini bima ikabaki kwa jina lake. Moto ukayateketeza. Mwaka 1925 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kwamba hana cha kulipwa, kwa kuwa magogo yalikuwa ya kampuni na mwenye hisa hana haki ya kukatia bima mali ya kampuni kana kwamba ni yake. Siku ghala litakapobadili jina la mwenyewe, bima yake ibadilike siku hiyo hiyo.

Yaliyobaki ni ya kila mwezi, na ndiyo yanayowachosha watu. Kila kampuni iwe na akaunti yake, vitabu vyake na mikutano iliyoandikwa. Kampuni ya malori ikitumia nusu ya ghala, ilipe pango la bei ya soko chini ya mkataba, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ikiwa kampuni ya ghala imesajiliwa kwa kodi hiyo. Mafuta ya lori yasilipwe kwa hundi ya ghala. Wala msidhani mpango huu unawaficha: tangu 2020 kila kampuni inatakiwa kumpa Msajili wa Kampuni majina ya wamiliki wanufaika, yaani watu wenye asilimia 10 au zaidi ya hisa au kura, moja kwa moja au kupitia wengine.

Je, gharama inastahili? Kwa malori saba na ghala, kampuni mbili na bima nzuri ningezianza mwaka huu. Kampuni mama na amana ningezisubirisha hadi mtakapokubaliana, wewe na mkeo, nani atashika usukani siku mmoja wenu hayupo, kwa sababu hilo ndilo swali ambalo amana inalijibu vizuri, kuliko swali la wadai.

Swali la pili, kutoka Nakuru

Wakili, nadaiwa shilingi milioni 4 na mtu aliyeniuzia mbolea kwa mkopo. Ameshafungua kesi ila hukumu bado. Kaka yangu ananishauri nihamishe kiwanja changu kiwe kwa jina la watoto, au nikiingize katika amana, kabla mahakama haijaamua. Nifanye haraka?

Jibu

La, dada yangu, usifanye kabisa. Zaidi ya miaka 400 iliyopita, mfugaji mmoja wa Uingereza aitwaye Pierce alidaiwa na watu wawili. Mmoja aliposhtaki, Pierce kwa siri alimwandikia mwingine, Twyne, mali yake yote, kisha akaendelea kukaa na kondoo, kuwanyoa manyoya na kuwatia alama yake mwenyewe. Uhamisho ule ulibatilishwa, na dalili zilizotajwa pale bado ndizo mawakili wanazozitafuta: umetoa mali yote, umetoa kwa siri, kesi ikiwa tayari ipo mahakamani, na bado unaitumia kama zamani. Kiwanja chako kikihamia kwa watoto na wewe ukaendelea kulima humo, dalili zimetimia. Kampuni haitakusaidia zaidi. Katika kesi ya Jones dhidi ya Lipman ya mwaka 1962, mtu aliyekwisha kukubali kuuza ardhi aliipeleka katika kampuni yake ili asiikabidhi, na mahakama ikamwamuru yeye na kampuni pamoja waikabidhi kwa mnunuzi.

Tazama badala yake Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Inakuruhusu kupendekeza mpango wa hiari wa kulipa kwa awamu, chini ya msimamizi, ambao wadai wako wakiupitisha unawafunga. Zungumza na wakili wa huyo mwuzaji wa mbolea wiki hii. Mdai aliyeandikiwa ratiba ya malipo inayotekelezeka mara nyingi huipendelea kuliko kusubiri mnada.

Swali la tatu, kutoka Lamu

Babu yetu alituachia nyumba mbili. Wapo wanaotaka tufanye amana ya familia, na wapo wanaosema Muislamu anayo wakfu tayari. Tofauti ni nini?

Jibu

Wakfu wa kizazi, unaowanufaisha watoto na wajukuu kabla ya kuishia kwa maskini au msikiti, uliwahi kupata misukosuko katika mahakama za kikoloni. Mwaka 1894 Baraza la Rufaa la London, lililokuwa mahakama ya mwisho kwa makoloni, katika rufaa kutoka India, liliukataa kwa hoja kwamba sadaka iliyo mbali mno, inayowafikia maskini baada ya vizazi vya familia kwisha, ni ya jina tu, na baadaye likaitumia hoja hiyo hiyo kwa rufaa iliyotoka Kenya. Sheria ya mwaka 1951 ndiyo iliyourudishia wakfu huo uhalali nchini, na leo jambo hilo linasimamiwa na Sheria ya Wakfu ya mwaka 2022.

Kwa familia yenu tofauti kubwa ni moja. Nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haiwekwi rehani, na aliyeiweka hawezi kubadili nia. Hati ya amana inaweza kuruhusu kuuza nyumba moja ili kuikarabati nyingine. Ikiwa kuta za nyumba hizo za mawe zinahitaji fedha za matengenezo ambazo hamna, lihesabuni hilo kwanza. Tena, kwa kuwa babu ameshafariki na hakuacha wakfu, nyumba hizo sasa ni za warithi: pateni kwanza hukumu ya mirathi kutoka kwa Kadhi, kila mrithi ajue fungu lake, halafu kila mmoja aamue kwa hiari yake kama fungu hilo ataliingiza.