"Kupimwa masikio" au "kupimwa njia ya sikio"?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandaa maelezo ya Kiswahili kwa wagonjwa ambao picha zao za CT za kichwa (picha za mionzi zinazoonyesha mwili mkato kwa mkato) zitatumika katika utafiti wa umbo la sikio. Nimeandika: "Masikio yako yatapimwa kwa CT ili kupata kipenyo cha mfereji wa sikio la ndani." Mwenzangu anasema "mfereji" ni wa maji, tuandike "tundu la sikio". Nani yuko sahihi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Ubishi wenu wa tundu na mfereji nitaufikia, lakini kuna jambo zito zaidi ambalo nyote wawili mmelipita: "sikio la ndani".

Katika mazungumzo, chochote kisichoonekana kwa macho tunasema kimo ndani ya sikio, na hatukosei. Wataalamu hata hivyo wanaligawa sikio sehemu tatu. Sikio la nje halikomei kwenye ukingo wa shimo. Linaendelea mpaka kwenye kiwambo, ile tunayoiita ngoma ya sikio. Nyuma yake kuna sikio la kati lenye vifupa vitatu, kisha sikio la ndani lenye koklea, yaani kiungo cha kusikia, na viungo vya kutunza mizani ya mwili. Njia mnayotaka kuipima imo ndani ya sikio, ila ni mali ya sikio la nje. "Ndani ya sikio" hutaja mahali, "sikio la ndani" ni jina la kiungo. Na kuna mfereji mwingine kabisa, upande wa ubongo, unaopitisha mshipa wa fahamu wa kusikia na mizani pamoja na ule wa uso. Picha ya CT ya mfupa wa panja, yaani mfupa wa ubavuni mwa kichwa unaobeba sikio, huonyesha mifereji yote miwili. Mtaalamu akiisoma sentensi yako kama ilivyo, anaweza kabisa kuupima huo wa pili.

Sasa "kupima". Kitenzi hiki tumekitwisha kazi nyingi: muuguzi anapima malaria, fundi cherehani anapima kiuno, serikali inapima viwanja. Mtu akisema "nimepimwa masikio", wengi wataelewa kwamba alisikilizishwa sauti ili ijulikane kama anasikia vizuri. Kwa hiyo mgonjwa akiambiwa "masikio yako yatapimwa", atakaa akisubiri majibu ya usikivu wake, na ana haki ya kuyasubiri, maana ndivyo mlivyomwambia. Dawa ni kutaja kinachopimwa: urefu, upana, ujazo. Nomino "vipimo" nayo iepuke hapa, kwa sababu hospitalini tumezoea kuambiwa "nenda kafanye vipimo", yaani uchunguzi, si namba za ukubwa wa kitu.

Turudi kwa mwenzako. Kwangu mimi tundu ni uwazi tu, kama tundu la sindano au tundu la pua. Msemaji wa Kiswahili halipi urefu. Linafaa kutaja mlango wa nje wa njia hiyo, halitoshi kubeba njia nzima. Mfereji una urefu na una kuta, na vitabu vimekwisha kuuzoea, ingawa Unguja mtu anaweza kuufikiria kwanza mfereji wa maji pale uani. Katika ripoti ya kitaalamu andika "mfereji wa sikio la nje", kwa ukamilifu wake, kwa sababu ya yule ndugu yake wa upande wa ubongo. Kwa mgonjwa napendelea "njia ya sikio". Kila mtu ataelewa bila kuuliza.

"Kipenyo" ndiko kwenye utamu. Njia ya sikio la mtu mzima ina urefu wa takriban sentimita 2.5 na upana wa takriban milimita 7. Theluthi ya nje imejengwa kwa gegedu, yaani mfupa laini, theluthi mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na njia nzima imepinda kama herufi S. Ndiyo maana daktari akitaka kuona ngoma ya sikio la mtu mzima hulivuta sikio juu na nyuma. Ukiikata njia hiyo, uwazi wake mara nyingi una umbo la yai, wakati kipenyo ni neno la duara. Basi sema "kipenyo kirefu na kipenyo kifupi", au taja "eneo la mkato".

Na "mkato" lenyewe linataka uangalifu. Mashine ya CT hutoa mikato myembamba, na kwa mfupa wa panja huwa chini ya milimita 1. Lakini mikato hiyo imepangwa kwa kufuata kichwa, haifuati mpindo wa njia. Mkato ukipita mshazari, njia huonekana pana kuliko ilivyo. Kwa hiyo mpimaji huchora kwanza kwenye kompyuta mstari wa katikati wa njia, yaani mhimili wake, kisha hukata upya kwa pembe mraba na mhimili huo. Ripoti ikiandika "mkato" bila kueleza ni upi, namba zake haziwezi kulinganishwa na za mtu mwingine.

"Urefu" nao utajiwe mwanzo na mwisho. Ngoma ya sikio imekaa mshazari, hivyo ukuta wa mbele na chini ni mrefu kuliko ule wa nyuma na juu kwa milimita kadhaa. "Kina" nakikubali pale tu mnapozungumzia kitu kinachoingizwa, kwa mfano kifaa cha kusaidia kusikia.

Limebaki "yatapimwa kwa CT". Picha zimekwisha kupigwa, lakini sentensi yako inamrudisha mgonjwa kwenye mashine na kumtia hofu ya mionzi bure. Ningeandika hivi: "Tutatumia picha za CT ulizokwisha kupigwa kupima urefu na upana wa njia ya sikio lako, kuanzia tundu la nje hadi kwenye ngoma ya sikio. Hutapigwa picha nyingine, na utafiti huu haupimi usikivu wako."